UZI: Ramani ya difyuza kwa chumba cha kusikilizia muziki, naomba ikaguliwe kabla sijapasua mbao

zeze_kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnikagulie ramani hii.

Chumba ni mita 5.0 kwa 3.8, dari mita 2.8. Kuta za tofali zimepigwa lipu, chini vigae, juu jipsamu. Spika zipo ukuta mfupi, kiti kipo mita 3.1 kutoka ukuta huo. Ukipiga kofi moja katikati unasikia "trrrr" inayokimbia kati ya kuta za pembeni.

Mpango ni difyuza (kifaa cha mbao cha kutawanya sauti badala ya kuirudisha moja kwa moja) aina ya QRD, yaani mifereji yenye vina tofauti vilivyopangwa kwa hesabu. N, idadi ya mifereji kwa seti, ni 7, na frikwensi ya msingi, ile ya chini ninayolenga kutawanya, ni 300 Hz. Mfereji upana mm 25, viwambo (vitenganishi vya mifereji) vya plaiwudi mm 4. Kina kikubwa kimetoka mm 331. Seti nane zinapangwa mfululizo ukuta wa nyuma. Trei za mayai zipo kama hamsini, hizo nibandike wapi?

---

namba_tasa

Trei rudishia mayai. Ni karatasi nyepesi, zinapunguza kidogo makali ya juu na kuacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Chumba kinabaki na mwangwi uleule, ila sasa umefifia juu, na hilo linaudhi zaidi kuliko mwanzo.

Kuhusu ramani: usipasue. Hesabu ya kina ni sahihi, lakini upana unaiangusha.

Kwa wanaofuata uzi, kanuni ni hii. Chagua namba tasa N. Kwa kila mfereji n (kuanzia 0), chukua n kipeo cha pili, gawa kwa N, beba baki. Kwa N = 7 mabaki ni 0, 1, 4, 2, 2, 4, 1. Kina cha mfereji ni baki hilo mara mwendo wa sauti, gawa kwa (2 × N × frikwensi ya msingi). Kwenye joto la nyuzi 28 mwendo wa sauti ni karibu mita 348 kwa sekunde. Kwa hiyo 348 ÷ (2 × 7 × 300) = mm 83 kwa kila hatua, mara 4 unapata hiyo 331 yako. Mpaka hapo sawa.

Sasa upana. Seti yako moja ina mifereji 7 ya mm 25 na viwambo vya mm 4, jumla mm 203. Seti zikipangwa kwa kujirudia, sauti haiwezi kutupwa pembeni mpaka urefu wa wimbi uwe mfupi kuliko upana wa seti. 348 ÷ 0.203 = 1,714 Hz. Chini ya hapo, kwa upande wa kutawanya, difyuza yako inarudisha sauti kama ukuta wa kawaida hata ukichimba mita nzima. Umelipia 300 Hz, unapewa 1,700.

Halafu mfereji wa mm 25 wenye kina cha mm 331 ni bomba jembamba. Hewa inasuguana na kuta zake, nguvu inapotea. Hapo umejenga kifyonzi ghali kinachofyonza kwa mafungu mafungu ya frikwensi.

---

zeze_kavu

Duh. Kwa hiyo nipanue mifereji? Nikifanya mm 160 kila mmoja, seti inafika mita 1.15 na 300 Hz inapatikana.

---

namba_tasa

Inapatikana chini, inakatika juu. Mfereji unafanya kazi yake mpaka pale nusu ya urefu wa wimbi inapolingana na upana wake: 348 ÷ (2 × 0.16) = 1,087 Hz. Juu ya hapo wimbi halisafiri tena wima ndani ya mfereji, linagongagonga huku na huko, na hesabu ya mabaki haina maana. Haimaanishi difyuza inakufa ghafla, ila matokeo yake hayatabiriki tena.

Ndiyo maana namba tatu zinavutana: kina kinaamua chini, upana wa seti nao unaamua chini (mkali kati ya hao wawili ndiye anayeshinda), na upana wa mfereji unaamua juu. Ukitaka seti pana yenye mifereji myembamba, njia ni moja, ongeza N.

Kuna mtego mwingine watu wanausahau. Kwenye frikwensi ya N mara frikwensi ya msingi, kila kina kinakuwa kizidishe kamili cha nusu wimbi. Mifereji yote inarudisha sauti kwa pamoja, difyuza nzima inageuka ukuta bapa. Ramani ya 300 Hz kwa N = 7 ingekupa ukuta bapa 2,100 Hz, katikati kabisa ya sauti ya mwimbaji. Kwa N = 13 na 600 Hz shimo hilo linasogea 7,800 Hz, juu kuliko mfereji wenyewe unavyofanya kazi, basi halikuhusu.

---

mwambao

Ndugu zangu, kabla hatujafika N = 13, mwenzetu ana chumba kitupu cha lipu na vigae. Difyuza haiondoi sauti chumbani, inaigawanya tu. Tuanze na Sabine, ile kanuni ya kukadiria muda wa sauti kufifia chumbani.

Ujazo ni 5.0 × 3.8 × 2.8 = mita za ujazo 53. Eneo la kuta, sakafu na dari ni kama mita za mraba 87. Lipu na vigae vinafyonza asilimia mbili tatu hivi, tuseme 0.03 kwa wastani: 87 × 0.03 = 2.6. Muda wa sauti kufifia ni 0.161 × 53 ÷ 2.6, zaidi ya sekunde 3. Chumba cha namna hiyo ni birika! Ukitaka sekunde 0.4 unahitaji ufyonzaji wa 21 hivi. Kochi, zulia zito na mapazia yenye mikunjo vinatoa sehemu, sehemu iliyobaki ni paneli.

Weka rokwuli (sufu ya mawe) ya kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, unene sm 10, na nafasi ya hewa sm 10 nyuma yake. Funika kwa kitambaa kinachopitisha pumzi: kiweke mdomoni, ukiweza kupumua kirahisi kinafaa. Kitambaa cha plastiki plastiki kinarudisha sauti ya juu. Vaa glavu na barakoa, ile nyuzi inawasha.

Mahali pa paneli: mtu akae kitini, mwingine atembeze kioo ukutani. Kila mahali aliyekaa anapoiona spika ndani ya kioo, paneli inakaa hapo. Kuta mbili za pembeni na dari. Hiyo "trrrr" yenyewe ni sauti inayokwenda na kurudi mita 3.8, kila milisekunde 22, na paneli hizo za pembeni ndizo zinazoikata.

---

msumeno_wa_meza

Nakubaliana na mwambao ila niongeze: sponji la godoro la sm 5 si mbadala. Linamaliza sauti nyembamba, linaacha 200–400 Hz ikivuma. Chumba kinakuwa kama mtu anaongea ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa blanketi.

---

zeze_kavu

Nimeelewa. Tuseme paneli za kufyonza zimeshakaa. Ukuta wa nyuma kwa difyuza unafaa? Kutoka kitini ni mita 1.9.

---

namba_tasa

Unafaa kwa taabu. Karibu na difyuza unasikia kila mfereji kivyake, bado sauti haijachanganyika. Kanuni ya mkono wanayotumia wengi ni umbali wa angalau urefu wa mawimbi matatu ya frikwensi ya chini unayotaka kutawanya. Kwa 600 Hz wimbi ni sm 58, mara tatu ni mita 1.74. Wewe una 1.9 ukitoa kina cha difyuza sm 20, unabaki na 1.7. Sogeza kiti mbele sm 10 na mambo yanakaa. Sauti ya nyuma itachelewa kama milisekunde 10 baada ya ile ya spika.

Mtu mwenye kiti mita moja kutoka ukuta asihangaike na difyuza. Afyonze tu, sm 15 hadi 20 za rokwuli.

Hapo ndipo picha za kumbi kubwa zinapotudanganya. Manfred Schroeder alipoleta wazo hili miaka ya 1970 alikuwa anafikiria kumbi za muziki. Michael Fowler Centre kule Wellington, New Zealand, uliofunguliwa 1983, una difyuza za aina hii juu ya wasikilizaji, na umbali upo wa kumwaga. Sebuleni umbali ndio kitu cha kwanza kuisha.

---

namba_tasa

Ramani yenyewe sasa. N = 13, frikwensi ya msingi 600 Hz, mfereji mm 45.

Mabaki ya 13: 0, 1, 4, 9, 3, 12, 10, 10, 12, 3, 9, 4, 1.

Hatua moja ni 348 ÷ (2 × 13 × 600) = mm 22.3. Baki kubwa ni 12, kina kinakuwa mm 268. Kirefu mno kwa chumba chako. Ujanja: jumlisha 4 kwenye kila baki, ikifika 13 au kuzidi toa 13. Mpangilio wa kutawanya haubadiliki kwenye frikwensi ya msingi, kwa sababu umesogeza mifereji yote kwa kiasi kilekile. Inatoka hivi:

A: 4, 5, 8, 0, 7, 3, 1, 1, 3, 7, 0, 8, 5

Baki kubwa limeshuka kutoka 12 mpaka 8. Kina kwa milimita:

89, 112, 178, 0, 156, 67, 22, 22, 67, 156, 0, 178, 112

Sentimita tisa zimeokolewa bila kupoteza kitu.

---

mwambao

Hapo safi. Ila asipange A-A-A. Kitu kinachojirudia kinatupa sauti kwa pembe chache maalumu badala ya kuisambaza, na seti zikiongezeka mishale hiyo inazidi kuwa mikali. Seti nane mfululizo za ramani ya kwanza zingekuwa balaa.

---

namba_tasa

Kweli, na 13 ina zawadi hapo. Tengeneza kinyume chake: toa kila baki kutoka 13, kisha jumlisha 4 kama mwanzo.

B: 4, 3, 0, 8, 1, 5, 7, 7, 5, 1, 8, 0, 3

Kwa milimita: 89, 67, 0, 178, 22, 112, 156, 156, 112, 22, 178, 0, 67

Angalieni vizuri: vina vya B ni vilevile saba vya A, idadi ileile ya kila kimoja, vimebadilishana nafasi tu. Fundi anakata vipande vya aina moja kwa paneli zote. Kwa N = 7 huwezi hivyo, kinyume chake kina mabaki 3, 5 na 6 yasiyokuwamo kwenye ya kwanza, vipande havilingani.

Paneli tatu zipange A-A-B. Msipange A-B-A-B mkiwa na nyingi, huo nao ni mpangilio unaojirudia, umeongeza tu upana wa seti.

---

msumeno_wa_meza

Karibuni karakana. Paneli moja ya urefu mm 1,200 inatoka kwenye shiti moja ya plaiwudi mm 4 na shiti moja ya mm 12, zote za 1,220 × 2,440. Msitumie MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) kama mnaishi pwani, inakunywa unyevu na kuvimba kwenye kingo zilizokatwa.

Shiti ya mm 4: ipasue katikati, kila nusu itoe viwambo sita vya 190 × 1,200. Jumla 12, ndivyo vinavyohitajika ndani.

Shiti ya mm 12, nusu ya kwanza: fito 13 za 45 × 1,200 (hizi ndizo sakafu za mifereji) na mbao mbili za pembeni 190 × 1,200. Nusu ya pili: mgongo 657 × 1,200, kifuniko cha juu na cha chini 633 × 190 kila kimoja. Mabaki yanatoa vibao vya kuinulia.

Hesabu ya upana: 13 × 45 = 585, viwambo 12 × 4 = 48, mbao za pembeni 24. Jumla 657. Kwa kigezo cha namba_tasa, 348 ÷ 0.657 = 530 Hz, chini ya 600, kwa hiyo upana haukubani tena. Juu inakatika karibu 3,870 Hz, na pale juu kingo za viwambo na fito bado zinavunjavunja sauti.

Vibao vya kuinulia vinakaa nyuma ya fito, vitatu kwa kila ufito: juu, kati, chini. Kimo cha kibao ni 178 kutoa kina:

kina 178: hakuna kibao, ufito unalala juu ya mgongo
kina 156: kibao 22, vipande 6
kina 112: kibao 66, vipande 6
kina 89: kibao 89, vipande 3
kina 67: kibao 111, vipande 6
kina 22: kibao 156, vipande 6
kina 0: kibao 178, vipande 6

Mkikosea kwa mm 1 hakuna atakayesikia. Mkikosea kwa mm 5 kwenye kila kipande, mfuatano umeshakuwa wa mtu mwingine.

Fito zote zikatwe kwa mpangilio mmoja wa msumeno, bila kugusa reli mpaka ya mwisho itoke. Zikitoka mm 44.5 zote, sawa kabisa, viwambo vitafuata. Zikichanganyika 44 na 46, utajikuta kiwambo cha kumi kimepinda na kifuniko hakifungi.

Kuunga: laza mgongo mezani, gundi na skrubu ubao wa pembeni, kisha ufito wa kwanza na vibao vyake, kisha kiwambo, kisha ufito wa pili, unasonga upande mmoja kama unapanga vitabu. Paka gundi ya mbao kwenye kingo zote mbili za ufito. Kila mifereji mitatu simama, pima kwa gunia (ile skweya ya fundi), kwa sababu kosa la kiwambo kimoja linarithiwa na vyote vinavyofuata. Usipige misumari kwenye plaiwudi ya mm 4, inapasuka.

---

zeze_kavu

Nyuma ya fito panabaki uwazi. Uachwe?

---

msumeno_wa_meza

Uwazi wenyewe hauna shida, nyufa ndizo shida. Ufa wa milimita moja kati ya ufito na kiwambo pamoja na hewa iliyofungiwa nyuma unakuwa chupa inayopulizwa: unafyonza kipande cha frikwensi ambacho hukukipanga. Ziba kila ungio kwa silikoni au kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msumeno. Kabla ya kufunga vifuniko, jaza uwazi kwa usumba wa nazi au vipande vya sponji ili ufito usidunde kama ngoma. Gonga kwa kidole: ukisikia "tung" badala ya "tok", hapo kibao cha kati hakijashika.

Vanishi ipakwe pande zote mbili za kiwambo kabla ya kuunga. Ukipaka upande mmoja tu, unyevu unaingia upande wa pili na ubao unajikunja.

Paneli moja inakuwa kilo 22 hadi 28 kutegemea plaiwudi. Usiitundike kwa msumari. Chukua ubao, upasue kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu moja kwenye paneli ikiangalia chini, nusu nyingine ukutani ikiangalia juu, na plagi za mm 8 zisizopungua nne zilizoingia kwenye tofali, siyo kwenye lipu tu.

---

mwambao

Mifereji isimame wima. Inatawanya kulia na kushoto, haitawanyi juu na chini. Masikio ya aliyekaa yapo kama mita 1.1, kwa hiyo paneli ianze sm 50 kutoka sakafuni iishie mita 1.7.

Na tafadhali msifunike kwa kitenge eti ipendeze. Mdomo wa mfereji ndipo hewa inapokwenda kasi zaidi, nguo ikigusa pale inafyonza. Mkishafunika mnakuwa na kifyonzi cha mbao.

Asiye na msumeno wa meza: chukua plaiwudi mm 4 ya 1,220 × 2,440, ikunje kwa upana mpaka kingo ziwe mita 1.10 mbali. Tumbo linatoka sm 22 hivi. Ndani weka mbavu tatu au nne za ubao zilizokatwa kwa mchoro wa tao, umbali usiolingana kati yake ili zisivume pamoja, na jaza rokwuli kiasi. Hutawanya vizuri sauti za kati na juu, haina shimo la ukuta bapa, haina mabaki wala namba tasa. Inakula nafasi ileile ya QRD na kazi ya siku moja. Mimi kwa chumba cha watu wengi ningeanza na hiyo.

---

msikilizaji_mpya

Samahani wakuu, kabati la vitabu halitoshi?

---

namba_tasa

Linasaidia kuliko ukuta mtupu, hasa vitabu vikiwa na vina tofauti na rafu zimejaa. Vikipangwa vyote sawa kingo zikiwa mstari mmoja, huo ni ukuta wa karatasi.

---

zeze_kavu

Nitajuaje imefanya kazi, na besi inayovuma kwenye kona itapungua?

---

namba_tasa

Besi, hapana. Urefu wa mita 5 unajenga mvumo wa kwanza 348 ÷ 10, karibu 35 Hz. Wimbi hilo lina mita 10, difyuza ya sm 20 hailioni. Hiyo ni kazi ya vifyonzi vinene vya kona na kusogeza spika na kiti.

Kupima: programu ya REW, ya kupimia sauti ya chumba kwa kompyuta, ni ya bure, maikrofoni ya kupimia isiyochagua upande, iwekwe mahali pa kichwa, kiti kikiwa kimeondolewa. Pima kabla ya kutundika na baada, maikrofoni isisogee hata sm 2, weka alama ya tepu sakafuni. Angalia grafu ya nguvu kwa muda, ichujwe kati ya 500 na 4,000 Hz. Kabla, karibu na milisekunde 10 baada ya sauti ya spika utaona mwiba mmoja mrefu wa ukuta wa nyuma. Baada, mwiba huo unatakiwa uwe umekatika na kusambaa kuwa kichaka kifupi cha milisekunde kadhaa. Mwiba ukibaki vilevile, kagua kama paneli ipo usawa wa masikio kweli. Ukitoweka kabisa bila kichaka, umejenga kifyonzi: rudi kwenye nyufa.

Usitegemee grafu ya frikwensi kwa hili, itabadilika kwa mikwaruzo midogo tu na itakuchanganya.

---

msumeno_wa_meza

Jenga A moja kwanza. Ikishapimwa ndipo ukate mbili zilizobaki, vipande ni vilevile.

---

zeze_kavu

Sawa wakuu. Kiti kimeshasogea sm 10. Naanza na paneli za pembeni, kisha A.